Mgongo wa Baba Mkwe

Kwanza ilikuwa ngo. Kikafuata kimya, kisha ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa anayegonga apate kutolewa. Tupokigwe alikuwa nyuma ya jiko lake, Kisondela, akimenya ndizi. Aliinua kichwa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na haukumwonyesha kitu, akachukua ndizi nyingine. Ndipo ukaja mlio ambao haukuwa ngo tena. Ulikuwa mpasuko mmoja mzito uliotikisa bati la jiko, na nyuma yake sauti ya maji yanayokimbia mahali ambapo maji hayakutakiwa kukimbia.

Aliteremka bondeni na kisu mkononi. Migomba ya jirani yake Yohane ilikuwa inalala mmoja baada ya mwingine. Bomba kuu jeusi, lililoshuka mlimani kutoka mtoni, lilikuwa limepasuka kwenye kona, na maji yaliruka juu kupita paa la nyumba ndogo ya mtambo. Mlangoni pa nyumba hiyo alisimama Ikupa, mkamwana wa ukoo wao, amelowa kuanzia kichwani hadi viatuni, akihema, kitambaa chekundu mkononi. Ndani, uso ukiwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, alisimama mdogo wake Tupokigwe, Profesa Ambindwile Mwakapala.

Tupokigwe hakuuliza habari za maji.

"Mlikuwa wawili humu ndani?"

Ikupa alitoka mlangoni, macho chini.

Ambindwile alizaliwa Ikuti, katika nyumba ya wakulima wa chai na ndizi, na alitoka huko kwa njia iliyowatoa wengi: kufaulu mitihani. Alisomea uhandisi wa mitambo Dar es Salaam, kisha Norwei, nchi yenye mito na baridi kama kwao, isipokuwa baridi ya huko haina adabu. Tasnifu yake ilihusu kitu kimoja tu, pigo la maji. Maji yanayoshuka ndani ya bomba refu yana mwendo na uzito. Ukiyafungia ghafla hayana pa kwenda. Hujirudi nyuma na kugonga, na yakigonga kwa nguvu ya kutosha hupasua hata chuma. Alirudi nyumbani akalifundisha jambo hilo chuo kikuu mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila kizazi cha wanafunzi kilitoka kwake na sentensi moja, ambayo aliirudia huku akizungusha taratibu usukani wa valvu kuukuu aliouweka mezani: "Maji hayafungiwi mlango usoni. Yanaagwa."

Alipofika umri ambao wenzake walikuwa wanawinda vyeo, yeye alikodi karakana Ubungo na kuanzisha kampuni. Aliiita Nguvumaji. Ilitengeneza mitambo midogo ya kufua umeme, ya vijito ambavyo mtu mzima anavivuka bila kukunja suruali.

"Profesa siku hizi ni muuza vyuma," wenzake walisema kwenye chumba cha chai.

"Vyuma vyangu angalau vinazunguka," aliwajibu.

Mtambo wa kwanza ulikwenda kwenye misheni moja mkoani Njombe, ukawaka. Wa pili uliunguza beringi. Akaurudisha Dar, akaufumua, akaujenga upya. Kadiri miaka ilivyopita oda zilikuja kutoka Malawi na Kongo, magazeti yakampiga picha, na vijana wakamwalika kwenye makongamano ambako kila mtu huvaa fulana ya kampuni yake. Mahali pamoja palimkataa, na mahali hapo palikuwa kwao.

Wilaya ya Rungwe ina maji mengi kuliko maneno, na watu wake hawana uhaba wa maneno. Profesa alikwenda Ikuti na gari lenye nembo, akaonyesha picha ukutani, nusu ya maelezo yakiwa ya Kiingereza. Wazee walimsikiliza. Walikula chakula alichokileta, wakasema ndaga, asante, na hawakumpa mto. Baadaye aliletewa kilichosemwa alipoondoka: huyu amekuwa wa huko. Maneno hayo mawili, wa huko, yalikaa ndani yake kuliko sifa zote za magazeti.

Kwa hiyo alipokwenda Kisondela, alikoolewa dada yake, hakwenda na gari. Alikwenda kwa bodaboda, amevaa koti la zamani, akaongea Kinyakyusa mwanzo mpaka mwisho. Wakulima wa parachichi walihitaji ghala la baridi, kwa kuwa matunda yao yalikuwa yanaivia chini yakisubiri lori, na ghala lilihitaji umeme usiokatika. Yohane alikubali bomba lipite shambani kwake. Na Profesa, ili asiwepo mtu wa kumwita tena wa huko, aliamua kushika mila zote. Zote, hata ile ambayo wengi wa rika lake walikuwa wameiacha bila kelele.

Kwa Kinyakyusa inaitwa ukutila. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hamtaji jina. Akimwona njiani hupinda kuingia migombani mpaka apite. Baba mkwe naye, akiwa mtu mwenye adabu, humgeuzia mgongo ili kumrahisishia. Ni heshima iliyopewa umbo la umbali. Siku hizi wapo wanaoamkiana kwa mkono kanisani wakatoka salama, lakini ukoo wa Mwakapala ulikuwa na Tupokigwe, na Tupokigwe alikuwa na macho.

Tatizo lilikuwa kwamba mkamwana huyo ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Nguvumaji.

Ikupa alitoka Ibighi, pale pale Tukuyu mjini. Alikuwa mwanafunzi wa Profesa kabla ya kuwa mkwe wake, na hakuwa mwanafunzi wa kutikisa kichwa. Alikuwa anauliza. Aliuliza kwa nini gurudumu la mtambo lilitaka maji mengi hivyo wakati mito ya kiangazi haina maji mengi hivyo; Profesa akamwambia kama analo bora alilete, naye akalileta. Gurudumu linalozunguka leo katika mitambo yote ya kampuni ni lake. Alipoolewa na Hosea, mtoto pekee wa Profesa na mfamasia wa hapo mjini, yeye na Profesa waliendelea kule Dar kuinamia meza moja na kubishana kama kawaida, kwa sababu Dar hakuna anayehesabu nani kamtazama nani. Profesa alikuwa ameshaamua, na amemwambia Hosea peke yake, kwamba siku atakapochoka kampuni ataiacha mikononi mwa Ikupa. Hakumwona mwingine.

Lakini Kisondela haikuwa Dar. Hapo Ikupa alifanya kazi juu, kwenye banio la mto, pale maji yanapoingizwa bombani. Profesa alifanya kazi chini, kwenye nyumba ya mtambo. Katikati waliwekewa Suleimani, fundi wa kuchomelea kutoka mjini, ambaye babu yake alikuja na vitambaa kutoka Kilwa. Hakuwa wa ukoo wala wa mila, kwa hiyo yeye ndiye aliyefanywa daraja.

"Fundi Sule," Ikupa alimwambia siku moja, "mwambie mzee saruji ya banio haijakauka."

Suleimani aliteremka. "Mzee, shemeji anasema saruji ya banio haijakauka."

"Mwambie nimesikia. Mwambie pia aache kuniita mzee."

Suleimani akapanda. "Shemeji, mzee anasema usimwite mzee."

"Nimwiteje, sasa? Jina siruhusiwi."

"Mwite yule wa bondeni."

Alipofika chini tena alijitupa kwenye nyasi. "Wanyakyusa ninyi! Mnaogopana wenyewe kwa wenyewe kuliko mnavyoogopa simba. Mlima huu nimeupanda mpaka magoti yanadai talaka."

"Unapata mazoezi," Profesa alisema.

"Haya. Ninyi mpate umeme, mimi nipate mazoezi."

Mambo yalikwenda hivyo, taratibu lakini yakaenda, na wazee wa Kisondela waliopita njiani waliona Profesa akigeuka kila kanga ya mkamwana ilipochomoza, wakaridhika. "Huyu hajapotea," walisema. Hata hilo aliletewa, na lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

Jaribio la kwanza la mtambo lilipangwa Ijumaa. Kila mmoja alidhani mwenzake amekumbuka kwamba Ijumaa mchana Suleimani huwa msikitini Tukuyu. Na bonde lile simu hazikamati.

Mtambo uliwaka. Balbu ya kwenye nyumba ya mtambo ilitoa mwanga mweupe usiotetereka, na Profesa alisimama chini yake peke yake, hana wa kumwambia. Kisha mto ulileta gogo la mgomba lililoziba nusu ya banio. Hewa ikaanza kuingia bombani pamoja na maji, na bomba likaanza kugonga. Kule juu Ikupa alijua la kufanya: valvu ya chini isiguswe kabisa mpaka yeye afungue lango la pembeni, maji yapate pa kutokea. Alilivuta lango, likafunguka kidogo likakwama. Aliita, "Fundi Sule!" Mlima ukamrudishia jina tupu. Ndipo akavua kitambaa cha kichwa na kuanza kuteremka mbio huku akikipunga: usifunge, usifunge.

Profesa alimwona anakuja. Hapa ndipo penye jambo lenyewe, na Kisondela wamelisimulia vibaya tangu siku hiyo. Nyumba ya mtambo ilikuwa na mlango mmoja, na njia itokayo banioni iliishia kwenye mlango huo. Mkamwana alikuwa njiani, baba mkwe alikuwa ndani. Ilimpasa atoke kabla hajafika, lakini hakuweza kutoka na kuuacha mtambo unaogonga. Akaamua kuufunga kwanza. Aligeuza uso asimtazame, na kwa kuugeuza hakukiona kitambaa. Akaushika usukani wa valvu kwa mikono miwili na kuuzungusha upesi upesi, kama mtu anayewahi kufunga mlango wa choo baada ya kusikia hatua.

Maji hayakuagwa.

Kabla nguo za Ikupa hazijakauka, Kisondela ilikuwa na maelezo yake, na madereva wa bodaboda waliyafikisha Ibighi: mkamwana amemfuata baba mkwe ndani ya nyumba ya mlango mmoja, na bomba limekataa. Maelezo hayo yalikuwa mafupi, yalikumbukika, na yalikuwa na mkosaji. Wakulima waliitana wakakubaliana wakutane Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa Yohane, waamue kama bomba liendelee kupita mashambani mwao au liondolewe.

Ikupa hakujitetea. Kwenye kikao ambacho baba mkwe amekaa, mkamwana hana sauti.

Jumamosi Hosea alimkuta baba yake akikusanya vipande vya bomba kwenye matope.

"Baba, kuna kampuni ya mitambo ya maji Kigali. Ilimwandikia Ikupa mwezi uliopita. Hakuwa amewajibu."

"Na sasa?"

"Amewajibu leo. Atapanda basi Jumanne. Ameniambia, kama kesho litasemwa lile linalosemwa na pasiwe na mtu wa kulikanusha, hatarudi."

Profesa aligeuza kipande cha bomba, akakitazama pale kilipochanika. "Mwambie..."

"Simwambii kitu," Hosea alisema. "Mimi si Suleimani."

Alipoachwa peke yake Profesa alilipima jambo lile kama alivyozoea kupima mambo. Akisema ukweli, mtu aliyeandika juu ya pigo la maji mpaka wageni wakamnukuu atakuwa amekiri kwamba pigo hilo amelileta kwa mkono wake, kwa papara. Akiigusa mila mbele ya wazee, watamwita wa huko, na mto utaondoka. Akinyamaza, mto atabaki nao, jina atabaki nalo, na Ikupa ataondoka na kila ambacho kampuni ilitakiwa kuwa. Alijua kabisa ni lipi jepesi.

Jumapili walikaa uani kwa Yohane, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Ikupa alikaa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, mahali ambapo mtu anasikia kila kitu na haonekani. Suleimani aliegemea ua akitafuna muwa. Hakualikwa, ila hakuna aliyekumbuka kumfukuza.

Tupokigwe ndiye aliyeanza.

"Mimi sisemi maji yana masikio," alisema. "Mimi ni Mkristo. Nasema nyumba ikikosa adabu, hata moto wa jikoni hauwaki sawasawa. Tulimpokea mtoto huyu tukamfundisha. Jina asitaje, asitaje. Njia apishe, apishe. Siku moja tu kasahau, mmeona wenyewe."

Watu waliguna kwa kukubali. Yohane akainua mkono. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mchungaji amkazie macho.

"Migomba yangu siililii," alisema. "Mgomba ukilala, mtoto wake anasimama. Mimi nauliza kitu kimoja. Profesa atarudi Dar. Siku maji yakigonga tena, mkono wa nani utakuwa kwenye ule usukani?"

"Wa Ikupa," Profesa alisema.

Mabenchi yalinong'ona.

"Na wewe ukija kuukagua mtambo wako, umkute humo ndani?"

Yohane hakumngoja Profesa ajibu. Alikuwa ameshapata la kusema, na uso wake ulionyesha kwamba alilipata siku nyingi.

"Toboeni mlango wa pili. Baba mkwe akiingia huku, mkamwana anatokea kule. Ukuta wa tofali za kuchoma, kazi ya asubuhi moja."

Uani pakachangamka. Ilikuwa rai nzuri, rai ya kihandisi kabisa. Haikumvua mtu nguo. Tupokigwe mwenyewe aliipokea. "Hilo limekaa vizuri," alisema, na mama mmoja mkekani alishaanza kufunga leso akijiandaa kuinuka. Ilibaki Profesa aitikie. Angeitikia, kikao kingefungwa kwa sala, watu wangekwenda kula. Lawama ingebaki pale ilipokuwa, nyuma ya nyumba, imekaa kimya.

Profesa aliutazama ukuta wa nyumba ya Yohane. Ikupa alikuwa nyuma ya ukuta huo.

"Mlango wa pili sitoboi," alisema.

"Una kasoro gani?" Yohane aliuliza, akiwa ameumia kidogo.

"Hauna kasoro. Ila bomba halikupasuka kwa kukosa mlango. Nimelipasua mimi."

Suleimani aliacha kutafuna.

"Yeye alikuja kunizuia," Profesa aliendelea, sauti ile ile aliyoitumia darasani, isiyopanda wala kushuka. "Kule juu kulikuwa na gogo. Alitaka nisiguse valvu. Alikuwa na kitambaa, anakipunga. Nilimwona mtu, kitambaa sikukiona, kwa sababu nilikuwa nimeshampa mgongo. Nikafunga upesi ili nitoke asinikute. Ninyi hamjui, lakini hilo ndilo jambo ambalo nimewakataza watu maisha yangu yote. Ndilo lililonipa huo uprofesa."

"Sasa uliharakia nini?" Yohane aliuliza.

"Heshima."

"Heshima ya kupasua bomba!" Suleimani alisema kutoka pale alipoegemea. "Mzee, kwetu sisi heshima ni shikamoo tu, na hatujawahi kufurika."

Mtu mmoja alicheka, kisha benchi zima, kisha mikeka, wengine wakijiziba mdomo. Tupokigwe hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Kwa hiyo unaitupa mila mbele ya watu," alisema. "Basi walisema kweli. Wewe ni wa huko."

Maneno yalikuwa yale yale, ila safari hii hayakuletwa na mtu. Profesa aliyapokea akiwa amekaa. Mikono yake ilikuwa magotini na haikusogea.

"Siitupi, dada. Mila yetu ina mlango wake. Baba alifunguliwa."

Wazee wa ukoo, walioitwa kutoka Ikuti, waliinua vichwa. Lilikuwa kweli. Katika ukoo wa Mwakapala, baba mkwe akiugua uzeeni na mkamwana akawa ndiye wa kumuuguza, ng'ombe huchinjwa, na mzee humpa mkamwana kipande cha nyama kwa mkono wake mwenyewe mbele ya ndugu mkubwa wa nyumba. Toka hapo wanaonana.

"Baba alikuwa kitandani," Tupokigwe alisema. "Hakuweza kujigeuza. Wewe umekuja hapa kwa bodaboda."

"Mimi pia ni mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

"Bomba limenigongea, sikulisikiliza. Mtu amenipungia kitambaa, sikumwona. Mtaalamu wa mabomba mwenye ugonjwa huo akiachwa peke yake ataua watu. Anatakiwa awe na wa kumuuguza."

Yohane alivua kofia, akajikuna, akaivaa. Tupokigwe alimkodolea macho mdogo wake, yeye aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea.

"Gwe, wewe Ambindwile," alisema mwishowe. "Tangu utoto wako unashinda kwa maneno, halafu unaita hesabu." Alikung'uta kanga yake ingawa haikuwa na vumbi. "Huyo ng'ombe yuko wapi?"

Jumatatu alasiri walikusanyika bondeni, mbele ya nyumba ya mtambo. Bomba lilikuwa bado limepasuka, kona yake wazi kama mdomo. Kule juu lango la pembeni lilikuwa limenyooshwa na Suleimani, na mto ulipita njia yake wenyewe ukisikika kwa mbali. Bomba lilikuwa limeruhusiwa kuendelea kupita mashambani mwa watu, kwa sharti la Yohane kwamba mtu wa kulifunga ajulikane kwa jina na kwa sura.

Nyama ilikuwa imewekwa kwenye jani la mgomba. Tupokigwe alisimama kando, amevaa kitenge chake cha kanisani. Profesa alilichukua jani kwa mikono miwili, na wote waliona kwamba mikono hiyo, iliyozoea kushika vyuma, haikujua ilishikeje.

Ikupa alikuja kutoka njia ya juu, Hosea akiwa nyuma yake. Alitembea macho chini. Alipofika alipiga goti moja, akapokea jani, na macho yake yakabaki kwenye nyama.

"Mtazame," Tupokigwe alisema. "Nimesema mtazame. Ng'ombe ameshakufa, huwezi kumrudisha."

Suleimani alikohoa kuficha kicheko. Ikupa aliinua uso. Profesa alikuwa amezoea kugeuka. Mabega yake yalianza kwenda, akayazuia. Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi wake, kwa mara ya kwanza tangu waje Kisondela.

"Baba," Ikupa alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Tiketi yangu ya kesho ninayo mfukoni. Kabla sijaamua nitaifanyia nini, nina swali."

"Uliza."

"Kule darasani ulikuwa unajibu moja kwa moja. Nijibu hivyo hivyo."

"Uliza, Ikupa."

"Siku nyingine nikija mbio?"

Profesa hakumtazama dada yake wala watu. Alisema kwa sauti kubwa kiasi cha kusikika na Yohane aliyekuwa mbali, kwenye migomba iliyolala:

"Ukija mbio utanikuta nimekutazama. Nakuahidi mbele ya hawa wote: mkono wangu hautagusa valvu ile kabla wewe hujasema, na mgongo wangu hutauona tena."